Fundi Aliyekataza Kupumua

Fundi wa kamera hafungui kamera ya mtu kabla ya kuzima feni, kufunga dirisha na kuvua shati, maana shati, anasema, humwaga nyuzi. Hubaki na fulana, mikono ameiosha hadi viwiko kama mpasuaji. Siku hiyo mpiga picha wa harusi alijikunyata kwenye kiti cha wateja. Harusi ilikuwa saa nane, kamera alikuwa na hiyo moja tu, na kila picha ilitoka na doa jeusi.

"Nilijaribu kupuliza," alikiri.

"Kwa mdomo?" Fundi alijishika kichwa. "Dada yangu, umeitemea mate! Basi usipumue upande huu."

Akatoa lenzi, akapuliza vumbi kwa kipira cha kubinya hewa, kisha akapitisha kijiti chenye kitambaa juu ya kile kioo kidogo kinachonasa picha, mara moja tu, pumzi ameibana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akaupiga picha ukuta mweupe ulio mbele yake. Doa lipo. Akasafisha tena. Lipo. Saa saba na nusu akasafisha mara ya tatu, jasho likimtiririka, na doa halijasogea. Mpiga picha, machozi yakimlenga, akainuka, akauendea ukuta, akakwangua kwa ukucha. Kinyesi cha nzi kikadondoka.

Fundi akavaa shati, akafunga vifungo vyote taratibu.

"Kumbe kamera ilitakata tangu mara ya kwanza?" aliuliza mpiga picha.

"Mara ya kwanza ilitakata," fundi alisema bila kupepesa macho. "Sasa imetakata mara tatu. Kimbia, bibi harusi anakusubiri."