Mwalimu kutoka Wajir

Nishani ya ushujaa nilipewa kwa sababu sikukimbia adui alipotuzidi nguvu. Nilipokuja likizo Garissa, mama aliificha ndani ya gunia la mchele, tukakubaliana niseme nafundisha Wajir. Huku kwetu mwanajeshi hajui nani anapeleka habari zake wapi.

Kwenye soko la mbuzi, mzee nisiyemjua alinishika mkono na hakuuachia. Aliuliza mvua imenyesha wapi, malisho yakoje, mimi ni mtoto wa nani, nimekuja lini, narudi lini. Ndivyo tunavyosalimiana, najua, hata mama husalimia hivyo. Lakini lile swali la mwisho lilinikaa vibaya. Siku yangu ya safari anaitakia nini? Nikamwambia mimi ni mwalimu, narudi shule zikifunguliwa, nikauchomoa mkono wangu. Nilizunguka nyuma ya malori ya mifugo, nikigeuka kila kona kuangalia kama ananifuata.

Nilimkuta mama mlangoni, amenuna. Mzee alikuwa amepita njia ya mkato, akafika kabla yangu.

"Amekuja kukushtaki," mama alisema. "Ati mwanajeshi wetu mwenye nishani hajui tena kujibu salamu."