Pipewire ilinyamaza asubuhi ya interview na mimi sioni: jirani yangu wa Magongo alivyonisomea terminal

Salaam wakuu, na heshima kwa wote mnaojibu watu humu bila kuchoka.

Mimi ni msomaji wa kimya wa jukwaa hili kwa muda mrefu. Huu ndio uzi wangu wa kwanza. Yaliyomo yamenikuta mwenyewe, nyumbani kwangu Magongo, wiki chache zilizopita. Nitayaeleza kama yalivyokuwa, hata pale ambapo kosa ni langu. Na mtaona kuwa kosa lote ni langu.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi sioni. Sikuzaliwa hivi. Nilikuwa karani kwenye kampuni ya clearing, kazi ya makaratasi ya kontena, mpaka presha ya macho ilipoanza kunichukua jicho moja, kisha la pili. Daktari aliniambia nimechelewa kuja. Ni miaka miwili sasa.

Mke wangu anashona kwenye kiwanda cha nguo hapa hapa Changamwe. Binti yetu Mueni yuko gredi ya nne. Wakishatoka asubuhi, nyumbani nabaki mimi na kompyuta.

Kompyuta yenyewe ni desktop ya zamani niliyoiwekea mfumo wa Linux. Inanisomea kila kitu kwa screen reader iitwayo Orca. Nikibonyeza herufi inaitamka, nikifungua barua inaisoma.

Kwa hiyo wakuu, kwangu sauti ndiyo skrini. Sauti ikikatika, mbele yangu kuna meza tu na sanduku linalonguruma.

Sasa tuingie kwenye kisa.

Baada ya kuomba kazi kila mahali na kujibiwa kimya, nikapata interview moja. Kazi ya kuhariri maandishi ya Kiswahili kutoka nyumbani. Niliwaambia wazi kwamba sioni. Wakasema hakuna shida, ila siku hiyo watanipa maandishi niyahariri palepale kwenye kompyuta yangu, wao wakiangalia kwenye video.

Saa nne kamili asubuhi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo stima ilipotea mtaa mzima. Ikarudi alfajiri. Sikujali, stima hupotea. Saa mbili kasoro, Mueni na mamake wakiwa wameshatoka, nikawasha kompyuta, nikaandika password, nikasubiri ile sauti ya Orca inayonikaribisha.

Kimya.

Nikasubiri tena. Nikagusa waya za spika, zote ziko mahali pake. Nikachomoa headphone nikachomeka upya. Nikarestart. Kimya kile kile.

Wakuu, sijui niwaeleze vipi. Kwenu sauti ikikatika mnakosa muziki. Mimi ilikuwa kama kupofuka mara ya pili, na safari hii kwa ghafla.

Nikachukua simu. Simu yangu inaongea, kwa hiyo nikampigia rafiki yangu mmoja wa Nairobi anayejua Linux kuliko mimi. Hakushika. Nikampigia mke wangu huku nikijua kabisa kiwandani simu zao huachwa getini mpaka watoke kazini. Nikajaribu kuelekeza kamera ya simu kwenye skrini inisomee, ikawa inasoma vipande vipande visivyo na kichwa wala miguu.

Hapo ndipo niliposikia ndoo inaburutwa nje. Jirani yangu Mama Kadzo alikuwa anafua.

Nataka kusema ukweli hapa. Mama Kadzo ni mtu wa Kaloleni, tumekaa ploti moja miaka sita. Tangu nipofuke, mara nyingi amenigongea kuuliza kama nataka msaada wowote. Kila mara nilimjibu niko sawa. Nilikuwa namjibu kabla hata hajamaliza kuuliza. Sikutaka mtu yeyote aguse kompyuta yangu, wala aone kwamba kuna kitu kimenishinda.

Siku hiyo nilifungua mlango nikasimama.

"Mama Kadzo, nakuomba macho yako kidogo."

 Nikasikia anakung'uta povu mikononi.

"Macho yangu yafanye nini, Baba Mueni?"

Nikamweleza. Akacheka kwa woga. "Lakini mwenzio nimesoma hadi la sita tu. Kizungu kikinipita mbele nakipisha njia."

"Wewe nitajie herufi tu. Kuunga nitaunga mwenyewe."

Akaingia, akavuta stuli, akaketi. Saa mbili na nusu ilikuwa imeshapita.

Terminal, lile dirisha la kuandikia amri, naijua kwa vidole, hiyo haikuwa shida. Nikabonyeza Ctrl+Alt+T, nikaandika amri ambayo wengi wenu mngeiandika:

sudo systemctl restart pipewire

Kwa wasiojua, pipewire ndiyo inayobeba sauti kwenye Linux nyingi za sasa, na sudo huendesha amri kama msimamizi wa mfumo mzima. Mama Kadzo akaanza kusoma. "F, a, i, l, e, d..." Polepole, kidole kikigonga kioo. Mwisho nikaunga: Unit pipewire.service not found.

Yaani haipo kabisa!

 Nikajua stima imeniunguzia disk, faili zimeliwa, na kwa muda uliobaki siwezi kuweka Linux upya nikiwa sisikii kitu. Nilikaa pale mikono juu ya keyboard. Nilimsikia Mama Kadzo anavuta stuli karibu zaidi.

"Hakuna lingine unaloweza kuiuliza?" akasema.

Swali dogo, lakini lilinizindua. Nikakumbuka uzi mmoja wa humu humu, watu walibishana sana kuhusu services, yaani programu za chinichini, za aina mbili. Kuna za mfumo mzima, kama taa ya getini ambayo ni ya ploti nzima. Na kuna za mtumiaji, kama jiko lililo ndani kwangu: linawaka nikiwa nimeingia mimi, na anayelihudumia ni mimi. Pipewire ni ya pili. Ukiitafuta kwa sudo unaitafuta kwenye geti wakati iko jikoni.

Kwa haraka nikaandika sudo systemctl --user. Nikapata kosa jipya.

"B, u, s," akasoma. "Basi? Basi gani tena hili?"

Nikacheka bila kupenda. Failed to connect to bus, yaani imeshindwa kuifikia njia ya mawasiliano. Kwa sudo nilikuwa nimeingia kama root, yaani yule msimamizi, na root hana habari na jiko langu. Nikaondoa sudo:

systemctl --user status pipewire

"Haya," akasema Mama Kadzo, "hapa pana kiduara kitupu. Halafu L, o, a, d, e, d. Halafu m, a, s, k, e, d." Akaendelea mstari wa chini, mara akashtuka. "Baba Mueni! Hapa imeandikwa dead! Hili nalijua. Amekufa nani?"

"Hajafa mtu, Mama Kadzo. Rudi juu. Umesema m, a, s, k?"

"Ndiyo. M, a, s, k, e, d."

Masked.

Hapo nikaona aibu.

Siku nne kabla, sauti ilikuwa inakwaruza. Nikapata ushauri wa zamani kwenye tovuti fulani: zima pipewire kwa mask, rudi kwenye mfumo wa sauti wa awali. Nikaandika systemctl --user mask kwa pipewire.service na pipewire.socket. Sauti ikaendelea kama kawaida, nikadhani amri haikufanya kazi. Nikaisahau.

Kumbe mask haizimi kitu kinachokimbia. Inafunga mlango tu kisiwashwe tena. Ilikuwa inasubiri siku nitakayozima kompyuta, na stima ikanizimia.

Yaani disk yangu ilikuwa nzima. Hakuna kilichoungua. Nilijifungia mwenyewe.

Nikaandika amri ya kuifungua:

systemctl --user unmask pipewire.service pipewire.socket

"Removed," akasoma Mama Kadzo, herufi kwa herufi, mara mbili. "Hii si ndiyo kutoa? Imetoa kitu!"

"Imetoa kufuli. Ni vizuri."

Nikawasha zote: pipewire.socket, pipewire, na wasaidizi wake pipewire-pulse na wireplumber. Nikaita status tena.

"Kiduara kimejaa," akasema. "Kimekuwa kijani."

Nikasubiri sauti. Kimya.

Hapa ndipo nilipotaka kulia, sitawaficha. Ilikuwa saa tatu na nusu. Kijani, na bado kimya! Nikajilazimisha kufikiri. Sauti njia yake imefunguka, lakini anayetamka maneno ni mwingine: speech-dispatcher. Huyu aliamka asubuhi, akakuta hakuna pa kupitishia sauti, akakwama. Nikaandika:

systemctl --user restart speech-dispatcher

Kisha nikazima Orca na kuiwasha kwa Super+Alt+S.

"Screen reader on."

Sauti ile kavu, isiyo na hisia yoyote. Sijawahi kusikia kitu kitamu kama hicho.

"Eeh!" Mama Kadzo akapiga makofi. "Kumbe huyu ndiye! Mimi siku zote nasikia mtu anaongea Kizungu humu mbio mbio, nikasema Baba Mueni ana mgeni haondoki!"

Tukacheka mpaka nikashika meza.  Nikamshika mkono kumshukuru. Bado ulikuwa na unyevu wa sabuni.

"Nenda kajiandae," akaniambia. "Shati hilo umefunga kifungo cha juu tundu la chini."

Akanifunga vifungo upya kama anavyomfunga mtoto, nami nikamwacha.

Saa nne nilikuwa kwenye video. Walikuwa watu watatu. Walinipa kurasa mbili, nikazisikiliza, nikarekebisha. Mmoja akauliza, kwa upole, nafanya nini kompyuta ikigoma. Nikamweleza ya asubuhi ile, kosa langu na yote. Nikawasikia wanacheka, kicheko kizuri. Kule nje Mama Kadzo alikuwa amewaambia majirani wazime redio, ploti nzima shwari.

Baada ya siku tisa barua pepe iliingia. Orca ikanisomea: nianze kwa majaribio ya miezi mitatu. Niliirudia mara tatu nihakikishe haijakosea. Naandika haya nikiwa mwezi wa kwanza kazini.

Niliyojifunza, wakuu:

Sauti na vitu vingi vya desktop ni services za mtumiaji. Ukiambiwa "not found" usikimbilie kufikiri kompyuta imekufa. Toa sudo, weka --user, uliza status kwanza. Ikibidi, journalctl --user itakueleza zaidi.

Amri ikionekana haijafanya kitu, huenda inasubiri restart. Sasa kila ninachobadilisha nakiandika kwenye faili moja, siku niliyokibadilisha na jinsi ya kukirudisha. Na siku moja kabla ya jambo kubwa narestart makusudi, nione kama kila kitu kinaamka.

Lakini somo lililonigusa zaidi si la Linux. Nilidhani kujitegemea ni kutomhitaji mtu. Miaka miwili nilimfungia mlango mtu ambaye alikuwa tayari kunisomea herufi moja moja za lugha asiyoijua, nguo zake zikiwa zimeloweka nje. Ninyi mlio na jirani kama huyo, msingoje mpaka kitu kiharibike ndipo mmkaribishe ndani.

Sasa naomba michango yenu. Kuna anayejua kuandika service ndogo ya --user ya kunipigia kengele kwenye simu pipewire ikishindwa kuamka? Na wenzangu mnaotumia screen reader, ninyi mna mpango gani sauti ikikatika?

Mnaotaka kunisema kwa ile mask pia mnakaribishwa. Comments zote nitazisikiliza, moja baada ya nyingine.