Kumtafutia Mbwa Mtu

Mume wangu hakuacha mali. Aliacha redio, koti la kazi la reli, na mbwa. Koti nilimpa ndugu yake, redio nikabaki nayo. Mbwa hakutakiwa na mtu.

Sikumpenda mbwa yule. Nasema mapema, msomaji asije akanidhania wema nisio nao. Alikuwa wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala, na nilipokaa kula alinikodolea macho mpaka tonge likanikwama. Lakini mume wangu alipokuwa kitandani hospitalini, sauti imebaki ndogo, kati ya mambo yote ambayo mtu angeweza kumwambia mkewe, aliniambia, "Mbwa asitupwe." Nikasema hatatupwa. Nikangoja aongeze neno jingine, neno langu mimi, lakini akageukia ukutani akalala. Ahadi ni deni, na aliyenidai aliondoka bila kunisamehe.

Tulikuwa tumepanga chini, katika nyumba ya ghorofa moja pembezoni mwa Mji wa Kale, upande wa kwendea Bondeni. Juu alikaa mwenye nyumba, mama wa Kimvita, makamo ya mama yangu, naye mjane wa siku nyingi. Sisi tulikuwa watu wa bara, Wakristo, tulioletwa Mombasa na kazi ya reli. Alituvumilia vizuri, na mbwa alimvumilia kwa masharti: asipite mbele ya msikiti, asikanyage ngazi ya kupandia juu. Mume wangu akiwa hai hapakuwa na shida. Alimtoa kila asubuhi kabla ya kwenda stesheni, wakazunguka, wakarudi, mbwa akalala uani mpaka jioni.

Baada ya matanga ilinibidi nitafute kazi, nikaipata katika afisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Natoka asubuhi, narudi jua linakuchwa. Mbwa akabaki amefungwa uani, hajanyosha miguu, na kilio alichokuwa akilia sijapata kukisikia kwa mnyama mwingine. Jirani palikuwa na chuo cha Kurani. Watoto wakisoma, yeye anaitikia.

Mwenye nyumba aliniita kutoka dirishani.

"Mwanangu, mbwa wako yualia mtana kutwa. Mwalimu wa chuo amenijia mara mbili, nami sina jawabu la kumpa."

"Nisamehe, mama. Hajazoea kukaa peke yake."

"Basi atafutiwe mtu, au atafutiwe nyumba."

Hakusema kwa ukali. Ningefurahi angekuwa mkali, ningepata la kujibu.

Kumtafutia nyumba kulikuwa ndiko kumtupa kwenyewe, maana hapakuwa na nyumba. Kwa hiyo nikamtafutia mtu. Na kwa akili yangu ya wakati ule, mtu wa kumtembeza mbwa Mombasa lazima awe Mkristo. Hayo hakuna aliyeniambia, niliyaona ni dhahiri kama vile bahari ni ya chumvi. Nikatangaza haja yangu kanisani baada ya ibada.

Wa kwanza alikuwa mchukuzi wa mizigo, mwimbaji wa sauti nzito kwenye kwaya. Asubuhi alimchukua mbwa kwa bashasha. Baadaye nikaja kuambiwa kwamba matembezi yao yalikuwa yanakomea Makupa, mbele ya nyumba ya mama mmoja aliyeuza tembo la mnazi, mbwa amefungwa mtini nje, mwimbaji yuko ndani. Wa pili alikuwa mama mcha Mungu kweli kweli, ila alimwogopa mbwa. Mbwa akipiga chafya yeye anaachia kamba. Jumatatu moja alimwachia akakatiza mbele ya msikiti watu wanatoka kusali, wakakusanya kanzu zao na kubanana ukutani, na habari ikafika nyumbani kabla ya mbwa.

Jioni ile nilipanda juu mwenyewe, nikabisha hodi, nikamwambia mwenye nyumba kwamba Wakristo wameniishia.

Akanitazama. "Kwani nimekwambia lazima awe Mkristo?"

"Mbwa si najisi kwenu, mama?"

"Kumtembeza ndiko kumla?" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Yuko mlinzi wa duka la leso, Biashara Street. Ni mtu wa Kwale, mswalihina, na kwao wana mbwa wa kulindia shamba dhidi ya ngedere. Nimuulize?"

Akamuuliza. Alikuja siku ya pili alfajiri akitoka lindoni, mzee mrefu mwenye kofia ya kiua, mpole wa maneno. Alinisalimu, akauliza habari za nyumbani na za kazi na za huko bara kwetu, kisha ndipo akamtazama mbwa. Hakumgusa. Alikuja na fimbo yake, akaniomba nifunge kamba kwenye ncha ya fimbo, na ncha ya pili shingoni mwa mbwa. Wakatoka hivyo, fimbo katikati yao, kila mmoja na heshima yake. Mbwa aliyekuwa akiwaburuta wenzake kama mkokoteni alikwenda taratibu kana kwamba anasindikiza bwana harusi.

Chuo kikasomwa kwa utulivu. Nami nikafanya kazi yangu bila kuona haya kurudi nyumbani. Tukaenda hivyo miezi mingi, asubuhi kwa asubuhi, na yule mzee hakukosa hata alipokuwa na mafua.

Halafu ikaja Idi. Mzee alisema atapita mapema kabla ya sala, ili mbwa asikose haki yake kwa sababu ya sikukuu ya watu. Maneno hayo yaliniingia. Nikafikiri, mtu huyu ananifanyia heshima siku yake kubwa, nami nimfanyie nini? Nikaamka kungali na giza, nikamwogesha mbwa. Nilimsugua kwa sabuni ya mche mpaka povu likatoka jeupe, nikammwagia ndoo nzima, akang'aa. Nilijisifu sana.

Mzee akabisha hodi, amevaa kanzu mpya, ananukia oudi. Nikafungua mlango. Mbwa akatoka mbio kumlaki, akasimama mbele yake, akajikung'uta kama mbwa wanavyojikung'uta, kuanzia kichwani hadi mkiani.

Mzee akabaki ameshika fimbo. Kanzu ilikuwa na madoa ya maji kifuani mpaka miguuni. Hakunigombeza. Alisema, "Haidhuru, mama," akageuka akaenda zake, na huko nyuma tukasikia takbira zikianza.

Dirishani palikuwa na mtu. "Umemkosha?" mwenye nyumba aliuliza. "Umemkosha mbwa, leo?"

"Nilitaka awe msafi!"

"Ee Mola wangu." Safari hii hakucheka. Akanieleza kutoka kule juu, mtaa mzima ukisikia. Mbwa mkavu na mtu mkavu hapana neno. Mai ndiyo balaa. Akilowa akakugusa, pale alipokugusa paoshwe mara saba, moja kwa udongo, na nguo vivyo hivyo. "Mpaka amalize, sala ya Idi imempita."

Sikujua. Nilikuwa nimekaa miaka mingi Mombasa, nanunua leso zao, nakula mahamri yao, na hilo sikulijua. Niliona uchungu, na sehemu ya uchungu ule ilikuwa hasira, maana nilitenda wema ukanigeukia.

Mzee hakuja kesho yake wala kesho kutwa. Mbwa akaanza tena kuitikia chuo. Mwenye nyumba hakuniita dirishani, nami nikajua maana ya kutoitwa. Nikaenda Biashara Street jioni, maduka yanafungwa, nikamkuta mzee ameketi kwenye kigoda chake mbele ya mlango. Nikamwomba radhi. Nilimweleza na habari ya marehemu, ambayo sikuwa nimemweleza mtu, kwamba mbwa asitupwe.

"Wewe ulitaka heri," akasema. "Kumbe mbwa ni wasia? Ungeniambia. Mimi nilidhani ni mbwa tu."

Alfajiri akaja. Tukakubaliana kwamba mbwa ataogeshwa Jumamosi mchana nikitoka afisini, aanikwe juani, na asubuhi ya Jumapili nimpapase kwa mkono kabla mlango haujafunguliwa. Masika ikija, siku za mvua mzee anakaa upande wa pili wa mtaa, amevaa viatu vya mpira, kamba imerefushwa.

Mbwa alizeeka. Sikio lililokuwa limesimama nalo likalala. Mwaka wa mwisho matembezi yao hayakuvuka pembe ya mtaa: wanasimama pale, mzee anaongea na watu, mbwa anasikiliza. Akafa katika masika, nikamkuta asubuhi uani amelala ubavu, mvua inamnyeshea.

Jirani akanishauri nimweke kando ya njia, watu wa taka wako njiani. Ua wetu ulikuwa wa sementi tupu, hapakuwa pa kuchimba. Nilisimama na gunia mkononi nikamwona mume wangu amegeukia ukutani. Mzee akabisha hodi. Alitazama, akaondoka. Nikasema moyoni, huyu naye kazi yake imekwisha. Akarudi anasukuma mkokoteni wa kuazima, na jembe juu yake.

Nilijaribu kumwinua mbwa nikashindwa. Alikuwa mzito na ameloa na mikono yangu inateleza. Mzee alikuwa amesimama mahali pake pa siku zote, kwa kipimo cha fimbo. Akaegemeza fimbo ukutani. Akakunja mikono ya shati, akainama, akampakata mbwa kifuani kama mtoto aliyelala, maji yakimchuruzika, akamlaza juu ya mkokoteni. Kwa miaka yote ile hakuwa amemgusa hata kwa kidole.

Tulimzika Makupa, nyuma ya reli, kwenye ardhi laini. Nililia. Nani nilikuwa nikimlilia, sikujiuliza.

Tuliporudi, mwenye nyumba alikuwa ameteremka. Alisimama mlangoni na birika la maji, na pembeni bakuli la udongo aliousaga mwenyewe. Mzee akakinga mikono. Mama yule akaanza kwa udongo, akamimina polepole, akihesabu kwa sauti mpaka saba. Mzee akashukuru, akaenda zake nyumbani kwake kubadili nguo.

"Ndoo na wewe," akaniita nisogee. "Lete mikono."

"Mama, mimi si Mwislamu."

"Nimekuuliza?" akasema, akachota udongo.