Bi Mafundo na Lulu za Mjane wa Seremala

Hakuna lulu ya bandia inayoweza kumpita mwandishi wa makala haya. Amevaa hereni za lulu tangu siku aliyoolewa, jicho lake limezoea, na hilo alilitamka kwa sauti mbele ya fundi mwenyewe. Fundi akamsogezea kisahani chenye vitu vinane vyeupe vya duara. "Haya mama, nichagulie iliyo ya kweli." Mwandishi akachagua kwa madaha ile iliyong'aa kuliko zote.

Kilikuwa kidonge cha presha cha fundi.

"Usikimeze," akasema fundi. "Hicho ni cha mchana."

Ni saa mbili na robo asubuhi. Chumba kiko juu ya duka la fundi saa, ngazi kumi na tisa kwenda juu, na ya saba imevunjika. Meza ni mbili. Moja iko dirishani, imetandikwa kitambaa cheusi, na juu yake kuna uzi wa hariri, sindano na kibano. Ya pili ina kompyuta ya zamani inayonguruma kama paka mwenye mafua. Katikati ya meza hizo, kwenye kiti cha kuzunguka, ameketi mwanamke wa miaka hamsini na minane ambaye mtaa mzima unamwita Bi Mafundo.

Kwa miaka thelathini na moja ametunga lulu za watu, akipiga fundo kati ya punje na punje ili uzi ukikatika idondoke moja, zisimwagike zote. Jina lake limetoka hapo. Lakini tangu miaka saba iliyopita ana kazi nyingine. Kampuni moja ya minada ya mtandaoni humtumia picha na maelezo ya kila pambo linalodaiwa kuwa la lulu. Akilipitisha, linawekewa alama ya "Limekaguliwa". Akilikataa, anaandika sababu, na sababu hiyo inakwenda kwa muuzaji kama alivyoiandika.

"Kwa siku napata matangazo mia moja na ishirini," anasema. "Arobaini huwa ni uongo. Siku za sikukuu, uongo unaongezeka. Watu wanapenda kudanganyana wakiwa na furaha."

Anafungua tangazo la kwanza. Maelezo yanasema: lulu halisi za baharini, urithi wa marehemu bibi, ni mkufu huo mmoja tu.

"Tazama tumbo la hii." Anaikuza punje moja hadi inajaa kioo cha kompyuta. "Unaona nini?"

"Weupe."

"Tazama tena. Lulu ni kioo cha kujitazamia, mama. Anayeipiga picha anajipiga na yeye."

Ni kama kuingia chumba chenye giza na kusubiri macho yazoee. Kwanza linatokea dirisha. Kisha mkono ulioshika simu. Halafu, pembeni, meza ndefu, na juu ya meza mikufu iliyolazwa ubavu kwa ubavu. Bi Mafundo anaihesabu kwa ncha ya sindano: kumi na mmoja.

"Pamoja na huu, kumi na miwili. Na kila mmoja una kikaratasi cha bei," anasema. "Bibi huyu hakuacha urithi. Mungu amrehemu, aliacha duka."

Mwandishi wa makala haya ameishi miaka mingi na ameona mengi, lakini hapo nywele zilimsimama. Ndani ya punje isiyozidi choroko mlikuwa na chumba kizima, mtu, na uongo wake.

Jicho hilo hakuzaliwa nalo. Alifundishwa na mama mkwe wake, mtunga lulu aliyetumia mkono wa kushoto na mwenye ulimi wa pilipili. "Hakunipenda mimi, alipenda vidole vyangu," anasema Bi Mafundo. Mama mkwe alimfunga kitambaa machoni, akamwekea bakuli lenye lulu arobaini na shanga moja ya kioo. Hakuna kula mpaka shanga ipatikane. Siku ya kwanza alikula saa kumi na moja jioni. Baada ya mwezi alikuwa anakula kabla chakula hakijapoa.

Siri iko menoni. Lulu ya kweli ukiipitisha kwenye ncha ya jino inakwaruza kidogo, kama mchanga laini. Ya kioo inateleza kama sahani.

"Sasa mtandaoni sina jino, nina jicho tu. Basi natazama tundu. Ya bandia, rangi hubanduka pale uzi unapopita. Natazama pia kufanana. Watoto wa tumbo moja hawafanani hivyo, sembuse lulu za chaza hamsini? Halafu nasoma maneno. Mtu akiandika 'lulu' mara moja, huenda ana lulu. Akiandika mara sita, ana shanga."

Malipo ni kwa tangazo, na matangazo kumi hayazidi mkate na maziwa. Jicho la kulia limeanza kutoa machozi, na miwani amebadilisha mara tatu. Lakini katika miaka saba hakuna mnunuzi hata mmoja aliyerudisha pambo alilolipitisha yeye. Wiki iliyopita ofisi ilimwambia inafikiria kumpa vijana sita awafundishe, kwa mshahara wa mwezi.

Saa nne kasoro robo anafungua tangazo jingine, na kiti kinaacha kuzunguka.

Ni mkufu wa punje arobaini na saba, wenye kifungo cha umbo la jani. Maelezo ni mafupi: "Lulu za kweli za mama yangu. Zilithibitishwa na fundi aliyezitunga, miaka kumi na tisa iliyopita." Mnada unafunguliwa saa saba mchana.

Bi Mafundo haikuzi picha. Anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena.

"Fundo la mwisho limelala kushoto," anasema. "Katika mji huu wanaolilaza kushoto walikuwa wawili. Mmoja, mama mkwe, tumeshamzika."

Kisha anasimulia. Seremala mmoja alifariki. Siku ya maziko uzi wa mkufu wa mjane ukakatika, punje zikatawanyika chini ya viti vya waombolezaji. Zilipatikana arobaini na sita. Ya arobaini na saba wifi mmoja alikuwa ameikalia. Kesho yake mjane akaleta zote kwenye leso zitungwe upya, akiongozana na wifi huyo huyo, mkoba kifuani. Akauliza, "Ni za kweli, si ndiyo? Marehemu aliniambia ni za kweli."

Zilikuwa za kioo kilichopakwa rangi.

"Nikamwambia, 'Za kweli, mama. Za kweli kabisa.' Nitamwambiaje mtu mwenye kaburi bichi kwamba mumewe alimdanganya?"

Sasa uongo huo umerudi kwake kuomba muhuri. Akiupitisha, mtu asiye na kosa atanunua kioo kwa bei ya lulu, na miaka saba itakuwa imekwenda na maji. Akiukataa, sababu itamfikia binti, na kutoka kwa binti itamfikia mama. Bi Mafundo anaijua siku ile ilivyokuwa. Hataki yule mama amzike mumewe mara ya pili.

Anachukua shali. "Habari kama hii haitumwi kwa kompyuta," anasema. "Inapelekwa kwa miguu."

Mjane wa seremala ana miaka themanini na minne. Anaishi mtaa wa tatu kutoka hapo, na tulimkuta kitandani, mto mgongoni, akisikiliza redio. Binti yake, mshonaji, alikuwa kazini. Bi Mafundo alikaa ukingoni mwa kitanda na kuanza kwa mbali: afya, mvua, bei ya uzi.

"Mwanangu," mjane akamkata, "umekuja kuniambia zile shanga ni za kioo, au umekuja kunisalimia?"

Redio ikazimwa.

"Nilijua usiku ule ule aliponipa," mjane akaendelea. "Mume wangu hakuwa na kipaji cha uongo, maskini. Aliniambia ametumia mishahara mitatu. Mishahara hiyo mitatu ilipita mkononi mwangu, tulikuwa tumeshaila. Nikaing'ata moja akiwa amelala. Iliteleza!"

"Sasa mbona uliniuliza?"

"Hukumwona wifi? Siku ya pili ya msiba, na tayari anautangazia ukoo kwamba kaka yake alinivisha takataka. Nilikuja kwako roho mkononi. Ukasema za kweli kabisa, yeye akasikia kwa masikio yake. Miaka kumi na tisa hajafungua mdomo. Nimekula raha, mwanangu."

Bi Mafundo alijaribu kujitetea. Akasema labda siku ile hakutazama vizuri, mwanga ulikuwa hafifu, labda naye alikosea.

"Wewe ukosee!" Mjane akacheka hadi akakohoa. "Uliipitisha menoni, ukanyamaza. Halafu ukaipitisha tena, ndipo ukasema. Lulu ya kweli fundi haionji mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kujua. Ya pili ilikuwa ya kutafuta la kuniambia."

Akaagiza mkufu uondolewe mnadani mara moja. Alimtuma binti auze kabati tu, akasema, binti kajifanya mjuaji akauza na mkufu.

Saa sita na dakika ishirini, akiwa bado ukingoni mwa kitanda, Bi Mafundo alifungua simu na kulikataa tangazo. Mahali pa sababu aliandika: "Shanga za kioo zilizopakwa rangi. Fundi aliyethibitisha alidanganya. Fundi huyo ni mimi." Akatuma.

Hadi makala haya yanaandikwa, ofisi haijajibu. Wakimwachisha kazi, atarudi kwenye uzi wake dirishani. Wakimpa vijana sita, somo la kwanza tayari analo: bakuli, kitambaa cha macho, na shanga moja katika lulu arobaini. "Ila wataruhusiwa kunywa chai," anasema. "Mimi si mama mkwe."

Kabla ya kuaga, mwandishi wa makala haya aliona si vibaya kumaliza shauri dogo la kwake. Akavua hereni moja, ile ya tangu siku ya ndoa, akamkabidhi fundi.

Bi Mafundo aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akaipitisha kwenye ncha ya jino. Akatulia, akatazama dari. Akaipitisha tena.

"Ya kweli, mama," akasema, macho kwenye viatu vya mwandishi. "Ya kweli kabisa."

"Mara mbili!" akapiga kelele mjane kutoka kitandani, akiupiga mto kwa furaha. "Nimehesabu! Mara mbili!"