Mfereji Upite kwa Nani

Katika lugha tatu au nne ninazoweza kuulizia njia nikipotea, neno "ushirikishwaji" likiingia ofisini huwa na maana moja: waite watu waje kusikia lililokwisha kuamuliwa. Mama Viti anakula kwa neno hilo. Manispaa humkodi, vikundi vya mitaa humkodi, na popote aendapo huanza kwa kuondoa meza kuu na kupanga viti duara. Jina alilipatia hapo.

Jumamosi ile aliviburuta mwenyewe katika ukumbi wa shule. Mfereji wa maji ya mvua ulitakiwa kuchimbwa upesi, na njia zilikuwa mbili: chini, katikati ya karakana za wachomeleaji vyuma, au juu, mbele ya vibanda vya mafundi cherehani. Afisa mipango alimvuta mlangoni.

"Mama, tusichoshane. Wasipoelewana leo, Jumatatu tingatinga linapita chini. Wachomeleaji hawana hati."

"Wenye cherehani wanazo?"

"Hawana. Ila chini ni karibu."

Afisa hakujua kwamba kibanda kimoja kule juu ni cha wifi yake Mama Viti, dada wa mumewe, aliyemlelea watoto miaka yote alipokuwa akizunguka na kazi. Alikusudia kulisema mwanzoni kabisa. Lakini wifi aliingia na kitambaa chake cha njano, akampungia mkono kama mtu aliyefika kwake, na ulimi ukamwia mzito.

Akaeleza utaratibu wake. Hapana kusema hasara yako. Unasema hasara ya jirani aliye kulia kwako. "Ya kwako huna haja ya kufundishwa," alisema, wakacheka. Kazi ikaenda vizuri. Mshona sare alimsemea muuza vitasa, muuza vitasa akamsemea mtu ambaye juzi tu walitukanana.

Ndipo Cheche, mkubwa wa wachomeleaji, akasimama.

"Nina swali dogo tu, Mama. Huyu dada wa kitambaa cha njano, hapa kulia kwangu, ni nani wako?"

Afisa alifunga jalada lake, tayari kwa Jumatatu.

"Ni wifi yangu."

"Eheee!" sauti ikatoka nyuma. "Kumbe duara ni la kutuzungusha!"

Watu walianza kuinuka. Wakitoka tu, karakana zimekwenda. Mama Viti alisubiri kelele zipungue, hazikupungua, akasema juu ya kelele hizo hizo.

"Nilipaswa kuwaambia kabla sijawakaribisha. Sikuwaambia. Cheche, njoo uongoze wewe."

Alimkabidhi chaki aliyokuwa akiandikia ubaoni, akaenda kukaa kwenye kiti alichokiacha Cheche. Cheche aliitazama chaki, kisha akamtazama yeye, bila tabasamu.

"Haya. Zamu ya kiti hicho. Msemee jirani yako."

Waliokuwa wakiinuka wakakaa, si kwa heshima, bali kwa hamu ya kumwona akianguka. Wifi alikaa wima, akitazama mbele.

"Mfereji ukipita juu," Mama Viti alisema, "huyu atapoteza baraza. Wateja wanasubiri pale, na mwanga wa kutungia uzi uko pale. Atashona gizani, na atapoteza wateja." Akawageukia wenye cherehani. "Lakini chumba kitabaki. Ukipita chini, wenzenu hawabaki na kitu."

"Umemaliza, wifi?" mwenye kitambaa cha njano aliuliza.

"Nimemaliza."

"Baraza tu. Kama mkeka, unakunjwa."

Zamu sasa ilikuwa ya wifi, na kulia kwake alikaa mchomeleaji mzee, miwani ya kazi ikiwa bado kichwani. Alimtazama mpaka mzee akashusha macho.

"Huyu hata pa kusimama hatakuwa napo," alisema. "Ndivyo ilivyo. Siwezi kusema uongo kwa kuwa nina hasira."

Baada ya hapo haikuchukua muda kukubaliana. Mfereji upite juu, lakini ufunikwe kwa zege, wateja wapate pa kukanyaga. Cheche alimgeukia afisa.

"Mheshimiwa?"

"Hilo nitalipeleka juu."

"Juu tumeshapeleka mfereji. Wewe tupe ndiyo au hapana."

Afisa aliangalia duara lote, akatafuta meza ya kujificha nyuma yake, hakuiona.

"Ndiyo."

Nje, Mama Viti alimngoja wifi yake ukutani. Alitoka wa mwisho, akifunga upya kitambaa chake.

"Wifi, nilitaka..."

"Najua ulichotaka. Kesho mje, wewe na kaka yangu, mniingizie cherehani ndani. Nzito zile."

"Tutakuja."

"Mje mapema." Alikwisha kuanza kwenda. "Chai mtakunywa kwenu."