Historia ya Mgonjwa Mwingine

Skrini ilisema hakuna dawa inayomdhuru Madhu. Daktari Nyongesa akasoma mstari huo mmoja tu, akageuka kuelekea chumba cha upasuaji. Jerotich, fundi wa kompyuta wa hospitali, akasoma na mstari wa chini: alipasuliwa tezi dume, 1996.

"Daktari, ngoja! Huyu mama ametoa wapi tezi dume?"

Daktari akarudi mbio. Mayur, mwanawe Madhu, alikuwa ameng'ang'ania kaunta. Alijua jambo moja tu: mama yake aliwahi kudungwa sindano hospitalini humu, akaponea chupuchupu. Sindano gani, hakujua. Na mama mwenyewe hakuwa na fahamu. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka.

"Naweza kungoja," daktari alisema, "lakini kidogo sana, Jerotich."

Mfumo ule ulikuwa mkongwe, umebeba wagonjwa wa miaka ishirini. Majina yalikaa faili moja, historia zao faili nyingine, na faharasa ndiyo iliyouambia mfumo historia ipi ni ya nani. Sasa faharasa imeharibika, inambebesha mama wa watu ugonjwa wa mzee fulani. Historia yake ilikuwamo humo humo, ila haikuwa na wa kuionyesha.

Jerotich alijua nani kaiharibu, na moyo ulimuuma. Tangu kafyu ya ghasia za uchaguzi ianze, Januari hiyo ya 2008, hakuna aliyengoja kompyuta ifunge faili zake. Saa za kukimbilia nyumbani zikifika, swichi ya ukutani inazimwa, pap! Jana aliyeizima ni yeye. Njia ya kwenda kwao Kiamunyi ilikuwa na vijana wenye mapanga, naye roho yake alikuwa bado anaipenda.

Kabla ya kugusa chochote, akaanza kunakili faili zote.

"Mummy anakufa na wewe una-copy?" Mayur akafoka.

"Stima ikipotea nikiwa katikati, tutakosa hata hiyo historia. Nivumilie, tafadhali."

Taa zikafifia. Zikarudi. Nakala ilipokamilika akafuta faharasa mbovu, akaamuru mfumo usome rekodi zote na kuunda nyingine. Namba zikajikokota kwenye skrini huku muuguzi akichungulia mlangoni, akichungulia tena. Mwishowe Jerotich akafungua upya rekodi ya Madhu. Kujifungua mara mbili. Mguu uliovunjika. Kisha: asidungwe penisilini.

Alipiga ukelele uliosikika korido nzima. Sindano iliyokuwa tayari kwenye sinia ikatupwa.

Baadaye, upasuaji ulipokwisha salama, Mayur alikuja kumshika mikono yote miwili. "Mungu akubariki, dada." Jerotich alishindwa kumtazama usoni kwa aibu.

Jua lilikuwa linazama wakati Ephantus, mlinzi, alipokuja na funguo. "Jerotich, watu wameenda! Zima hiyo kitu twende."

"Wacha ifunge yenyewe."

"Na kafyu je?"

Mkono ulikuwa unamwasha kuifikia swichi. Akaukalia.