Mguu Nilioufunga kwa Ukili

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na nikikusimulia usicheke mpaka nimalize. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakaa Mbuchi, kijiji cha kwenye delta, kwa mama yangu, na nilikuwa mfungaji wa timu ya netiboli ya kata. Usinione hivi nilivyo sasa, naamka kwa kushika ukuta. Nilikuwa nikiruka, watu wanasema huyu mtoto kalelewa na kima.

Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya shule, tope la mbuga lililokauka na kupasukapasuka. Tulifanya mazoezi jioni tukitoka mashambani kwenye mpunga, miguu bado ina matope. Zilikuwa zimebaki siku mbili twende Mtunda kucheza na wenzetu wa huko. Nikaruka kudaka mpira, nikatua juu ya mguu wa mwenzangu, kifundo kikageuka. Nilisikia kitu kimelia mle ndani. Mwalimu aliyekuwa akitufundisha akaja mbio.

"Umeumia?"

"Sijaumia, mwalimu. Nimeteleza tu."

Ngoja nikwambie kwa nini nilisema uwongo. Palikuwa na msichana akiitwa Zuhura, nimemzidi miaka miwili, ambaye kila mechi alikaa pembeni akisubiri nichoke. Alikuwa anajua kufunga, tena alikuwa na adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyoniudhi zaidi. Nilijiambia, akicheza mechi moja tu huko Mtunda, mimi basi tena, sitaitwa. Nilimwogopa Zuhura kuliko nilivyouogopa mguu wangu. Hofu nilikuwa nayo, mwanangu, ila niliielekeza pasipo penyewe.

Kifundo kilivimba kikawa kama papai. Mama aliponiuliza mbona nachechemea, nikamwambia nimechomwa na mwiba. Siku nzima iliyofuata nikajifanya mtoto mwema wa kusuka ukili. Ukili, kwa mtu asiyeujua, ni ule msuko mrefu mwembamba wa miyaa, majani ya mkindu yaliyochanwa, tunaoushona hadi uwe mkeka. Miyaa huloweshwa maji kwanza ili ilainike. Kwetu hata mtoto wa miaka saba anajua kwamba ukili uliolowa ukishakauka hukakamaa na kukaza. Na mimi nilijua. Lakini hofu ikiingia kichwani, akili hutoka na kwenda zake.

Asubuhi ya safari nikauzungusha ukili uliolowa kwenye kifundo, mizunguko mingi, nikavuta kwa meno, nikafunga fundo, nikavaa soksi juu. Ulikuwa laini na wa baridi, nikahisi nafuu kubwa. Tukapanda boti ya mashine, tukashuka, tukatembea kwenye tope, kisha tukapanda pikapu wazi hadi Mtunda na jua limetukalia kichwani. Njia nzima nilikuwa naumwa. Vidole vilikuwa vikichomachoma kama nimekanyaga siafu. Wenzangu wanaimba, nami naimba nao, jasho linanitoka la baridi.

Mechi ikaanza. Kila nikitua nilikuwa nikiona giza. Kisha, kipindi cha pili, maumivu yakaisha. Yakaisha kabisa, mwanangu, kama mtu aliyeondoka bila kuaga. Nikamshukuru Mungu, nikaruka, nikafunga, nikafunga tena. Tukashinda. Kule kushukuru ndiko kulikokuwa kosa langu kubwa kuliko yote, maana niliishukuru hatari.

Tulikuwa tumeandaliwa chakula uani kwa mama mmoja wa Mtunda, Bi Mwajuma, mtu mzima aliyezalisha nusu ya kijiji kile. Nikakaa kwenye mkeka, nikavua soksi. Zuhura ndiye aliyeona kwanza, akaacha kutafuna.

"Dada, mguu wako una nini?"

Vidole vilikuwa na rangi ya majivu, na kucha zimepiga weusi. Ukili ulikuwa umezama nyamani, juu na chini yake pamefura hata fundo silioni. Nikajaribu kuchomeka kidole nilegeze, hakikupita. Nikagusa dole gumba langu, likawa la baridi kama samaki.

Bi Mwajuma akaja akapiga magoti. Alichukua kisu, akapenyeza ncha kidogokidogo, akakata uzi baada ya uzi. Kisha akaniambia nitazame juu.

"Unausikia mkono wangu?"

"Uko wapi, bibi?"

"Nimekushika vidole, vyote vitano. Nafinya."

Sikusikia kitu. Nimepata kuumwa na nge, nimezaa watoto sita, nimezika mume. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale, kutazama juu huku mtu ananifinya na mimi sina habari. Kwetu bila miguu huwezi kulima mpunga, huwezi kupita topeni, huwezi kusukuma mtumbwi. Nilijiona nimekaa kizingitini maisha yangu yote nikichambua mboga za watu wengine.

"Nani kakufunga hivi?" akauliza Bi Mwajuma.

"Mimi mwenyewe."

"Na uliambiwa na nani ucheze?"

Hakungoja jibu, wala hakupandisha sauti. "Weye mtoto, mwili wako umekulilia tangu asubuhi, ukauziba mdomo. Sasa umenyamaza ndiyo unafurahi? Mtoto anayelia yu hai. Uogope akinyamaza."

Wakanibeba hadi zahanati. Muuguzi akaulaza mguu, akauchunguza, akasema tusubiri hadi jioni. Damu ikirudi, heri. Isiporudi nipelekwe hospitali kubwa, na huko huenda wakaukata. Alisema hivyo hivyo, wazi. Zuhura alikaa nami muda wote, ameshika vile vidole kati ya viganja vyake, akiniuliza kila mara, "Na sasa, dada?" nami nikijibu, "Bado." Sijui nilijibu bado mara ngapi. Kila nikijibu, naona macho yake yanajaa machozi, na mimi najifunika uso kwa kanga.

Karibu na magharibi nikasikia moto. Ulianza dole gumba, ukapanda, nikapiga kelele zahanati nzima ikasikia. Muuguzi akacheka, akasema lia mama, lia sana. Nikalia kwa maumivu na furaha, vyote pamoja.

Haikuishia pale. Kano za kifundo zilikuwa zimekatika, na mimi nilizimalizia kwa kurukaruka. Msimu mzima mama alipanda mpunga peke yake. Nilikaa na mguu juu ya gunia wiki kadhaa, kisha nikaanza kuuzungusha polepole, kisha kusimama kwa mguu mmoja nimeshika kinu, mama akinicheka kwamba nimekuwa korongo. Mwaka ulipopinduka ndipo nikaruka tena. Nilichokiogopa kilinipata vilevile: Zuhura alichukua nafasi yangu, akafunga kila mechi. Nikakaa pembeni nikampigia makofi, na wala sikufa. Niliporudi nikacheza ulinzi, tukawa mashoga, marafiki wa kushibana, hadi leo.

Siku hizi nakaa Kibiti kwa mtoto wangu wa tatu, na asubuhi nawaona vijana wa jogingi wakipita barabarani na fulana zao za rangi moja, wanaimba. Nafurahi, maana mwili usiotumiwa huota kutu. Kisha namwona mmoja kafunga goti, nasikia kameza vidonge vya maumivu ili asibaki nyuma ya wenzake, na moyo wangu unaruka. Vidonge hivyo na ukili wangu ni ndugu.

Basi nisikilize. Ukiumia, sema siku hiyohiyo, umwambie kocha, umwambie na mzazi wako, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Mguu uliovimba haubanwi ili ufanye kazi, unapumzishwa, na ukiona ganzi au ubaridi kimbilia kwa wataalamu usingoje kesho. Ukipona, rudi kwa hatua ndogo, usimtazame aliyekupita. Wakikuita mwoga, waambie kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nilikuwa shujaa wa mechi moja. Vidole vyangu viwili vya mwisho havikupata fahamu tena. Mara tano kwa siku, nikitia udhu, maji yanapita hapo siyasikii, nainama kutazama kama yamefika.

Mwenyezi Mungu akupe miguu itakayokufikisha uzeeni, mwanangu, na akupe ujasiri wa kukaa chini inapokuambia imechoka. Amina.